Shanta Mgongoni, Tiketi Mkononi: Safari ya Milima ya Chai ya Usambara

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wa Kata ya Jangwani, Dar es Salaam, kabla ya likizo ya Juni. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mtumiaji wa huduma za usafiri. Mwenyekiti aliponieleza kwamba wengi wenu mmekuwa mkichanga fedha tangu Januari ili mwende Usambara wakati wa likizo, kila mmoja na begi lake la mgongoni, bila wakala na bila gari la kukodi, niliiweka kando hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Ilikuwa hotuba ya kifungu hiki na kanuni ile, na nina hakika mngesinzia kabla sijafika ukurasa wa pili. Badala yake nitazungumza juu ya safari yenyewe, kwa sababu nimekwisha kuifanya, na kwa sababu mara ya kwanza nilipoifanya niliifanya vibaya.

Wazee waliopitia skauti au Jeshi la Kujenga Taifa wanalikumbuka neno shanta. Nitalitumia neno hilo, maana ni zuri na halistahili kufa. Msafiri wa shanta anatofautiana na mtalii wa wakala katika jambo moja ambalo sisi wa udhibiti hulitazama sana. Mtalii wa wakala hununua mara moja tu, na akidhulumiwa anaujua mlango wa kugonga. Msafiri wa shanta hununua mara kumi kwa siku: tiketi ya basi, gari dogo la kuunganisha, bodaboda, chakula, chumba, kiongozi wa njia, kiingilio cha msitu. Kila ununuzi ni mdogo, na kila muuzaji ni mwingine. Likitokea la kutokea, hana shahidi ila karatasi aliyopewa na maswali aliyouliza kabla ya kutoa fedha.

Usambara ziko mbili, nalo bonde la mto Lwengera limezitenganisha. Usambara Mashariki hufikiwa kwa kupitia Muheza, na huko ndiko iliko Amani, mahali Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na kuijaribu chai kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Kilimo cha chai cha biashara kilikuja baadaye, katika miaka ya 1920. Leo sehemu kubwa ya chai yetu hutoka Mufindi, Njombe na Rungwe, lakini Usambara ndiyo iliyo karibu nasi: alfajiri uko Mbezi unatokwa jasho, jioni uko ndani ya ukungu unatafuta sweta. Ninyi mmeniambia mnakwenda Usambara Magharibi, yaani Mombo, Soni, kisha Bumbuli kwa miguu kwa muda wa siku mbili, mkipita kati ya mashamba ya chai. Mmechagua vyema. Kijani mtakachokiona huko hakifanani na kile mlichokizoea hapa Jangwani siku za mechi, ingawa nacho kina mashabiki wake.

Tuanze na begi, maana safari yenu inaanzia sokoni. Ukienda Karume au katika mitaa ya Kariakoo utakuta mabegi ya mitumba ambayo mengi ni imara kuliko mapya yanayong'aa. Usilinunue likiwa tupu. Mwombe muuzaji akuruhusu utie ndani kitu kizito, hata ikiwa ni nguo zake mwenyewe, kisha livae na utembee hatua ishirini. Angalia ushonaji pale mikanda inapoungana na begi, kwa kuwa hapo ndipo linapochanika, na vuta zipu mara tano, si mara moja. Mkanda wa kiunoni usiudharau: ndio unaobeba uzito, si mabega. Risiti idai. Kama muuzaji ni mmachinga asiye na risiti, chukua namba yake ya simu na upige picha meza yake, kwa sababu kesho huenda asiwe pale. Lile bango linalosema mali ikishauzwa hairudishwi lisikutishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi dhidi ya maelezo ya uongo juu ya bidhaa, na bango haliwezi kuifuta sheria.

Begi likijaa, lipime. Abiria wa basi la mikoani anayo haki ya kusafiri na mzigo usiozidi kilo 20 bila kuulipia. Begi la mgongoni lililofungashwa na mtu mwenye akili haliwezi kufika huko, na ukiona linafika, jua umebeba vitu vya kumwonyesha mtu. Hivyo basi, mpakia mizigo akikwambia stendi kwamba begi lako lina nauli yake, mwombe alipime kwanza.

Sasa tiketi. Nauli za mabasi ya mikoani hazitoki hewani. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, hupanga kiwango cha juu kwa kila abiria kwa kila kilometa. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, basi la daraja la kawaida kwenye barabara ya lami lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilometa, na la daraja la kati shilingi 67.84. Maana yake, kwa kila kilometa 100 wa kawaida analipa shilingi 4,847 na wa daraja la kati shilingi 6,784. Viwango hubadilika, kwa hiyo tazama tangazo la sasa kabla ya kuondoka, lakini hesabu haibadiliki: kilometa mara kiwango. Kijana wa kidato cha pili anaiweza. Nimeshangazwa mara nyingi na watu wazima, wafanyabiashara wa Kariakoo wanaohesabu faida ya kontena zima kichwani, ambao wakifika stendi humuuliza mpiga debe, "Nauli bei gani?" na kuliamini jibu lake.

Tiketi inayofaa ni ya kielektroniki, yenye jina lako, namba ya usajili ya basi, tarehe na saa ya kuondoka, mahali unapotoka, mahali unapokwenda na kiasi ulicholipa. Hapo kwenye mahali unapokwenda msipapite haraka. Mabasi ya Moshi na Arusha hupita Mombo na kuendelea na safari yao; hayapandi mlimani. Yapo ya Lushoto yanayopanda. Ukiandikiwa Lushoto katika basi la Arusha, umeuziwa kipande cha safari ambacho huyo aliyekuuzia hana. Kwenu ninyi wa Jangwani kuna jambo la ziada mnalolijua kuliko mimi: Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa hapa hapa, na mwendokasi husimama. Juni si mwezi wa mafuriko, lakini atakayesafiri wakati wa masika alale kwa ndugu upande wa pili wa bonde, la sivyo basi litaondoka Stendi ya Magufuli yeye akiwa bado anayatazama maji.

Sasa nisimulie nilivyokosea.

Ulikuwa mwaka niliomaliza chuo, kabla sijaajiriwa. Tulikuwa watatu, wasichana wawili na mwenzetu wa kiume aliyekuwa akijilipia ada kwa kuchora mabango ya maduka Kariakoo. Tiketi tulizinunua kwa kijana aliyetukimbilia tukiwa bado tunashuka kwenye daladala. Alitupunguzia shilingi elfu mbili kila mmoja, nasi tukajiona wajanja. Ilikuwa tiketi ya kitabu, imeandikwa kwa kalamu: Lushoto, tarehe, na sahihi isiyosomeka. Haikuwa na jina la abiria wala namba ya gari. Basi lilikuwa la Arusha. Saa moja usiku kondakta alitushusha Mombo akisema gari la kuunganisha lipo na nauli yake imo katika tiketi. Gari lilikuwepo. Nauli haikuwemo.

Lilikuwa gari dogo, la mwisho kwa siku ile, lililoundwa kubeba watu wanane. Tuliingia kumi na wanne. Sikuhesabu wakati ule. Nilihesabu baadaye, nilipotakiwa kuandika maelezo. Mombo ni mahali pa joto, pako bondeni, na kilometa chache tu ukishaliacha soko, barabara inaanza kuukwea ukingo wa mlima, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kona juu ya kona hadi Soni. Barabara ni ya lami lakini ni nyembamba. Dereva alikuwa akizungumza na simu. Mama mmoja aliyempakata mtoto alimwambia, "Baba, punguza mwendo kidogo." Dereva akamjibu, "Mama, mimi nimezaliwa huku." Sisi wengine tulinyamaza. Mimi nilinyamaza, niliyekuwa nimetoka kufanya mtihani wa sheria ya mikataba.

Mzee aliyebanwa mlangoni aligonga bati mara mbili, akasema, "Nishushe." Aliulizwa kama ndipo anapokaa. Alisema hapana. Alilipa nauli yote, akashuka gizani na kiroba chake, na watu wakamcheka. Kona ya tatu au ya nne baada ya hapo, gari liliacha barabara likaingia mtaroni, upande wa mlima. Ingekuwa upande wa pili nisingekuwa hapa leo. Mwenzetu mchora mabango alivunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Baada ya muda mrefu tuliona mwanga wa tochi ukipanda taratibu: alikuwa yule mzee, akitembea kwa miguu. Ndiye aliyeuvua msuli wake, akabaki na suruali ya ndani na koti, akaufunga ule mkono.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonileta katika kazi hii. Polisi walitupa PF3, tukatibiwa. Gari lile, kama kila gari la barabarani, lilipaswa kuwa na bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo humfikia hata abiria aliyeumia ndani ya chombo cha kubeba abiria. Tukaenda kudai. Tuliulizwa swali moja tu: kuna ushahidi gani kwamba mlikuwa abiria? Tiketi ya basi la Arusha haikulihusu gari lile. Gari lile halikutupa karatasi yoyote. Mwenye gari naye alisema kwamba jioni ile gari lilikuwa limebeba ndugu zake wakitoka msibani.

Kilichotuokoa ni upuuzi. Tulipofika Mombo tulipiga picha, mabegi mgongoni, tukicheka, na nyuma yetu nusu ya namba ya usajili ya gari lile ilionekana, ikiwa na tarehe na saa za simu. Kwa picha hiyo, na kwa maelezo ya yule mzee ambaye hakuchoka kuitwa polisi mara tatu, malipo yalipatikana baada ya mwaka na miezi miwili. Yalitosha gharama za hospitali. Kiwiko hakijanyooka mpaka leo. Mwenzetu hachori tena kwa brashi. Anasanifu mabango kwa kompyuta, na ukimuuliza atakwambia fedha ni nzuri zaidi, lakini brashi zake hajazigawa.

Kwa hiyo mkifika Mombo fanyeni haya. Fikeni mchana, kabla ya saa kumi alasiri, ili msilazimike kuchukua gari la mwisho. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na mtu anaweza kushushwa Mombo saa nane za usiku. Kama ndivyo itakavyokuwa, lala nyumba ya wageni hapo hapo Mombo, upande asubuhi. Kabla ya kuingia garini, piga picha namba ya usajili na uitume kwa mtu aliyeko nyumbani. Dai karatasi, hata ikiwa kipande cha daftari chenye namba ya gari, kiasi na sahihi. Uliza gari lina leseni ya njia ile na ya abiria wangapi. Hutapendwa kwa maswali haya. Kondakta atasema, "Anko, unapanda au hupandi?" na wenzako wataona aibu. Na gari likijaa kupita kiasi ukiwa umo ndani, shuka kama alivyoshuka mzee yule, hata kama utailipia safari yote.

Sitaki kuwadanganya kwamba jambo hili ni jepesi kwa kila mtu. Ninyi mnakwenda kutembea. Mnaweza kungoja gari lijalo. Mama mwenye mtoto siku ya gulio, ambaye magari ya kijijini kwake ni mawili tu, hana lijalo. Mkaguzi hawezi kusimama kila kona ya Usambara, na pale magari yalipo machache, sheria ya idadi ya abiria inamdai mnyonge achague kati ya hatari na kulala njiani. Ninalisema hili nikiwa mtumishi wa udhibiti, na sidhani kwamba lina jibu la haraka. Lakini abiria aliye na hiari ya kushuka na asishuke anamwongezea mama yule mzigo.

Mabasi makubwa ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, na kasi yao haipaswi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Dereva akizidisha, piga namba ya bure iliyobandikwa ndani ya basi, au mwite askari kwenye kituo kinachofuata. Taja namba ya gari na mahali mlipo, basi. Kwa malalamiko ya nauli, tiketi, mzigo uliopotea au safari iliyokatishwa, mwandikie kwanza mtoa huduma na ubaki na nakala. Asipokutendea haki, lalamiko liende LATRA, na usiporidhika na uamuzi lipo Baraza la Ushindani. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini litakusaidia kuliandika lalamiko bila malipo. Mgogoro wa bima unaye Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Laiti tungalijua kwamba ofisi hiyo ipo, tusingalihesabu miezi kumi na minne.

Haya, tumekwisha kufika Soni tukiwa wazima. Maporomoko ya maji yako karibu na barabara, chai ya maziwa ni nzito, na baridi ya Juni ni ya kweli. Hapo ndipo vijana watakapowafuata wakisema wao ni viongozi wa njia. Wengi ni waaminifu, na mtu anayeijua njia ya Bumbuli ana thamani kuliko ramani ya simu, maana vijia vya mashambani hugawanyika kila baada ya nyumba tatu. Muulize kitambulisho chake na anatoka ofisi ipi ya utalii wa utamaduni. Patana naye kabla ya hatua ya kwanza: malipo ni kwa siku au kwa safari, kwa mtu au kwa kundi, chakula chake na nauli yake ya kurudi ni juu ya nani. Yaandike kwenye simu na umsomee. Ugomvi karibu wote niliousikia kati ya wageni na viongozi ulitokana na hiyo nauli ya kurudi, si na udanganyifu. Mkishapatana, msimpunguzie njiani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi siku hizi tunataka mwenyeji apone kwa shilingi elfu tano.

Kiingilio cha msitu wa hifadhi, kama mtapitia Magamba upande wa Lushoto, kinalipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kwa namba ya malipo ya Serikali, ile wengi wanayoiita kontroo namba. Hakilipwi kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu njiani, hata kama amevaa sare. Msitu wa Mazumbai, kule upande wa Bumbuli, uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ulizeni utaratibu mapema, msifike mlangoni na mabegi mkitarajia kufunguliwa.

Kisha chai. Mtaiona kwanza kwa mbali kama zulia lililokatwa kwa mkasi, na mtatamani kuingia katikati mpige picha. Shamba la chai ni mahali pa kazi. Kuna mashamba ya kampuni na kuna ya wakulima wadogo, na mara nyingi mpaka kati yao ni mfereji tu. Ombeni ruhusa. Msimpige picha mchumaji kabla hajakubali, na msimsimamishe kwa maswali: anachuma majani mawili na kichipukizi, analipwa kwa kilo, na jani likishachumwa linapaswa kufika kiwandani siku hiyo hiyo kabla halijaharibika. Dakika zenu kumi zina uzito kwenye mizani yake.

Mtakapokaribia Mponde huenda mkaonyeshwa chai iliyopata kuota ikawa miti. Mchai usipochumwa haukai kimya. Unarefuka hadi kumpita mtu kichwani. Kiwanda cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 katika mgogoro wa umiliki, kikakaa miaka kadhaa bila kusindika jani, na wakulima wadogo wa Bumbuli waliokitegemea wakabaki na mazao yasiyo na pa kwenda. Jani bichi la chai haliwekwi ghalani kama mahindi. Haliliwi. Bila kiwanda ni nyasi. Wapo waliong'oa wakapanda kitu kingine, na wapo waliongoja. Serikali ilikitwaa kiwanda baadaye. Ninawaeleza haya ili mzee wa huko akianza kuzungumza juu ya kiwanda kabla hata hajawauliza mnatoka wapi, mjue ni kwa nini, mkae mumsikilize. Muulizeni pia bei ya kilo ya jani bichi mwaka huu, kisha mkumbuke kwamba kilo moja ya chai kavu inataka kilo nne hadi tano za majani mabichi. Mkirudi Kariakoo mkaushika mfuko wa robo kilo dukani, mtakuwa na hesabu nyingine kichwani.

Mtataka kuleta chai nyumbani, na mama zenu wataidai. Nunueni iliyofungwa, yenye jina na anwani ya mfungaji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS. Chai ya kupimwa kwenye gunia kando ya njia inaweza kuwa nzuri sana, au ikawa vumbi lililofagiwa. Mnunuzi hana namna ya kujua mpaka aichemshe, na akishaichemsha yuko Dar es Salaam. Ukiinunua kwa hiari yako, nunua kidogo. Na chai hunyonya harufu kuliko chochote mtakachokibeba: usiiweke begi moja na sabuni wala dagaa. Nilimletea bibi yangu chai ya Usambara iliyonukia sabuni ya kufulia, akainywa yote kwa heshima, akaniomba nisilete tena.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 mnada wa chai unafanyika hapa hapa Dar es Salaam, badala ya chai yetu kuuzwa Mombasa tu. Ni habari njema kwa mkulima, kama bei itamfikia. Hilo lina mazungumzo yake siku nyingine.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, nami nimeona dada wa safu ya nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kilo 20. Nadhani begi lake ndilo lile lililoegemea ukuta. Kama kuna mizani hapa ofisini, iletwe, tulipime sasa hivi kabla sijapokea swali lake.